Jan aliomba afe, daktari akamziba mdomo kwa plasta: nani alikuwa na haki?

Mzee wa Projekta

Wakuu, habari za jioni. Juzi umeme ulirudi saa tano usiku, usingizi ukawa umeshakimbia, nikafungua tena sinema ambayo nimeiangalia labda mara sita tangu ujana wangu: The Brain That Wouldn't Die, yaani ubongo uliokataa kufa. Ni ya Kimarekani, ya nyeusi na nyeupe. Ilipigwa New York na viunga vyake mwaka 1959, ikalala kabatini hadi 1962 ndipo kampuni ya American International Pictures ikaitoa. Mwongozaji ni Joseph Green. Bajeti yake inatajwa kuwa dola 62,000 hivi, na umaskini wenyewe unaonekana kwa macho: maabara ni chumba cha chini ya nyumba chenye chupa na mipira. Na baada ya zaidi ya saa nzima ya kuambiwa habari za ubongo, maandishi ya kufungia yanaiita The Head That Wouldn't Die, kichwa badala ya ubongo. Walibadilisha jina mwanzoni wakasahau mwisho. Fundi cherehani akikushonea suruali namna hiyo unamrudishia.

Kwa ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Dk. Bill Cortner ni mpasuaji kijana anayeamini viungo vinaweza kuhamishwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Baba yake, naye mpasuaji, hamuungi mkono. Siku moja kijana anaendesha gari kwa kasi kuelekea nyumba yao ya shamba, mchumba wake Jan Compton yuko pembeni. Barabara inamshinda. Yeye anatoka mzima, Jan anakatika kichwa. Cortner anakifunga kile kichwa ndani ya koti, anakimbia nacho hadi nyumbani, na akisaidiwa na mtu wake Kurt anakiweka kwenye trei yenye maji ya dawa. Kichwa kinafumbua macho. Kinaongea. Na kuanzia hapo Jan ana ombi moja: niache nife.

Cortner hataki kusikia. Anatoka kwenda kutafuta mwili wa kumuungia: anapita klabu wanakovua nguo jukwaani, anapita barabarani akikagua wapita njia, anapita mashindano ya urembo. Mwisho anampata Doris Powell, modeli mwenye kovu usoni, anamdanganya kuwa atamtengeneza uso, anamnywesha dawa ya usingizi. Jan akipinga, anamziba mdomo kwa plasta. Mle mle maabara kuna chumba kilichofungwa kwa komeo, na ndani yake jaribio lililoharibika, jitu ambalo Jan amekwisha kufanya nalo urafiki kwa mawazo tu. Jitu lilishamng'oa Kurt mkono. Sasa linatoka, linamng'ata daktari shingoni, maabara inashika moto, linamtoa Doris nje likimbeba. Jan anabaki kwenye moto akimwambia Cortner kwamba alimwambia.

Swali langu, na naomba tusijifiche nyuma ya jitu: mtu aliyeokolewa bila kuulizwa, akishapata fahamu akasema hataki, daktari ana haki ya kuendelea? Mimi nasema hana. Kosa la Cortner halikuwa kukata wala kuunga. Kosa ni kwamba alisikia akaendelea. Nawasilisha.

Sista wa Wodi

Shikamoo mzee wangu. Nina miaka 11 wodi ya mahututi, kwa hiyo nitakupinga nusu.

"Niacheni nife" naisikia karibu kila wiki. Anaisema aliyeungua, anaisema aliyekunywa sumu ya panya kwa ajili ya mapenzi, anaisema mama aliyetoka damu nyingi akijifungua, anapozinduka na hajui yuko wapi. Mtu anayezinduka ana maumivu, ana dawa kichwani, ana hofu. Tungetii neno la kwanza la kila anayezinduka, wodi ingekuwa tupu ifikapo saa sita mchana, na si kwa sababu wamepona. Wapo wanaorudi baada ya miezi na mkungu wa ndizi, hawakumbuki hata kwamba walinitukana.

Kwa hiyo usiku wa kwanza namtetea Cortner. Mchumba wako yuko katika hali ile, ujuzi unao mikononi, utaanza kutafuta fomu ya ridhaa? Unaokoa, halafu unauliza. Sasa hiyo halafu ndiyo haikufika.

Na ile plasta sina utetezi wake.

Kibanda Umiza

Mie mnisaidie moja tu wakuu. Kichwa hakina mapafu. Sauti inatoka wapi?

Sista wa Wodi

Haitoki popote kaka. Sauti ni pumzi inayopita kooni. Mgonjwa tuliyemtoboa koo hasemi mpaka pumzi ipate njia ya kupita juu tena. Jan alitakiwa achezeshe midomo tu, kimya. Na huo ubongo nao ukikosa damu, mtu anapoteza fahamu kwa sekunde 10 hivi, na dakika 4 hadi 6 zikipita unaanza kuharibika. Cortner alikimbia na koti lake muda wa kutosha kuchemsha chai.

Kibanda Umiza

Kwa hiyo ingekuwa mtu anachezesha midomo na daktari anajifanya haelewi. Mbona hiyo ingetisha zaidi.

Mwanasheria Mchovu

Mnajadili ridhaa ya mgonjwa, sawa, ila kuna jambo mmelipita kama mtu anayepita kituo cha daladala amelala. Nani alikuwa ameshika usukani?

Cortner si daktari wa Jan. Cortner ndiye dereva aliyemkata kichwa. Mkiiangalia tena mtaona alikuwa anaendesha kama mtu anayefukuzwa. Ajali ile, kwa sheria ya nchi yoyote ninayoifahamu, ina maswali ya polisi kabla ya maswali ya hospitali. Na yeye anafanya nini? Anaondoka na mwili, tena kipande cha mwili, eneo la ajali. Hapigi simu. Hamwambii baba yake. Anamficha Jan chumba cha chini na mtu mmoja tu anayemlipa yeye.

Sasa mtu wa namna hiyo akisema "nampenda, simwachi afe", mimi nasikia kitu kingine. Jan akifa, yeye ni muuaji kwa uzembe. Jan akipata mwili mpya, hakuna aliyekufa. Anaitibu kesi yake. Ndiyo maana hata kwenye hospitali halisi daktari hatakiwi kumtibu mke wake kwa jambo kubwa. Si kwamba hampendi. Ni kwamba hajui anamtibu nani.

Halafu mchumba si mke. Ndugu wa Jan wako wapi? Sinema nzima hakuna hata mmoja anayepigiwa simu.

Injinia wa Mabati

Nimesubiri atokee mtu wa kumtetea Cortner kisawasawa, naona hayupo, basi nitabeba mimi.

Kumbukeni ule upasuaji wa mwanzo. Mgonjwa ametangazwa amekufa. Baba mtu, daktari mwenye heshima zake, amekwisha kukubali. Kijana anaomba ajaribu mambo yake na mgonjwa anarudi. Yule mgonjwa naye hakusaini popote. Mbona hakuna anayemlilia? Kwa sababu alipona na hakuwa na la kusema. Yaani daktari akifaulu ni shujaa, akishindwa ni mwendawazimu, na kitendo ni kile kile.

Angalieni historia yenyewe. Mwaka 1954, Moscow, Vladimir Demikhov aliunga kichwa na miguu ya mbele ya mbwa mdogo kwenye shingo ya mbwa mkubwa, na yule mdogo akanywa maziwa. Dunia ikasema ni ushetani. Mwaka huo huo, Desemba, Boston, Joseph Murray alihamisha figo kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake na mgonjwa akaishi. Tarehe 3 Desemba 1967, hospitali ya Groote Schuur kule Cape Town, Christiaan Barnard alimwekea Louis Washkansky moyo wa binti wa miaka 25, Denise Darvall, aliyegongwa na gari. Barnard huyo huyo alikuwa amewahi kwenda Moscow kuiona kazi ya Demikhov. Washkansky aliishi siku 18. Kwa hesabu za humu ndani hiyo ni hasara. Leo watu wanaishi miaka na miaka na moyo wa mwenzao. Hapa kwetu Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017. Hakuna hata moja ya hizo ambayo isingeonekana wazimu kabla haijafanyika.

Kila daktari muoga ana makaburi yake pia. Hayahesabiwi kwa sababu yameandikwa "mapenzi ya Mungu".

Mwanasheria Mchovu

Injinia, umepiga ngumi nzuri ukajipiga nayo mwenyewe. Washkansky aliulizwa, akakubali. Na Denise alipokuwa hana tena matumaini, madaktari walimfuata baba yake, siku ambayo mzee yule alikuwa amempoteza na mkewe kwenye ajali ile ile, wakamuuliza. Akakubali. Binti wa ajali ya gari, kama Jan. Tofauti ni swali moja lililoulizwa.

Injinia wa Mabati

Na angekataa? Washkansky angekufa siku 18 mapema na mngelala usingizi.

Mwanasheria Mchovu

Ndiyo. Vibaya, lakini ningelala.

Binti Forodhani

Shikamoo Mzee wa Projekta, na wengine hamjambo. Nimesoma yote na kuna jambo linaniwasha. Wanaume wanne mnabishana juu ya haki ya Jan kufa na hakuna aliyesimama dakika moja juu ya Doris.

Jan ana kauli. Kauli haisikizwi, lakini anayo. Doris yuko juu ya meza amelala. Aliingia nyumba ile kwa sababu mtu mmoja alimwambia anaweza kumwondolea kovu. Hakuingia kwa ujinga, aliingia kwa kiu ya kuangalika tena. Sinema yenyewe inaonyesha kuwa hana imani na wanaume, anafanya kazi ya kusimama mbele ya kamera zao huku uso ameuficha kwa nywele, halafu yule aliyemwamini ndiye anayemkagua kama mtu anayechagua khanga ya sare. Uso sitaki, nataka mwili. Mnajadili kama Cortner alikuwa na haki ya kumwokoa Jan. Kumwokoa kwa nini? Kwa Doris.

Na jamani tusiipambe sana sinema hii kana kwamba ni kitabu cha maadili. Waliotengeneza waliwaweka wale wanawake pale ili watu wanunue tiketi. Kamera inawapanda na kuwashuka sawasawa na macho ya Cortner, haina haya hata chembe. Mimi niliiangalia na mdogo wangu wa kiume ikabidi nimtume dukani mara mbili.

Mwengine mliyempita ni lile jitu. Aliyelicheza ni mtu, jina lake Eddie Carmel, alizaliwa Tel Aviv akakulia Bronx. Alikuwa na uvimbe kwenye tezi ya kichwani uliomfanya arefuke bila kusimama, na kwa ajili ya mwili huo alikuwa akionyeshwa kwenye sarakasi. Mwaka 1970 mpiga picha Diane Arbus alimpiga akiwa nyumbani, ameinama chini ya dari, wazazi wake wamesimama wanamtazama kutoka chini. Miaka miwili baadaye akafa. Kwenye sinema kazi yake ilikuwa kutisha kwa kuonekana. Mgonjwa halisi, amepakwa rangi na kubandikwa uvimbe juu ya ugonjwa aliokuwa nao kweli. Sasa niambieni maabara iko wapi hapo.

Mzee wa Projekta

Marahaba binti yangu. Hapo kwa Eddie umenikamata. Mara sita nimeiangalia, mara sita nimecheka akitoka mlangoni.

Mtu wa Likoni

Ndugu zangu, mimi ni wa Mombasa, na nilipoiona sinema hii mara ya kwanza sikuona Amerika. Niliona mumiani.

Wadogo humu huenda hawajui neno. Kamusi za zamani zinaeleza mumiani kuwa ni dawa nyeusi kama utomvu, ya kutibia mivunjiko. Kisha maana ikageuka ikawa ni yule mtu anayechukua damu za watu kutengenezea dawa hiyo. Bibi yangu alikuwa akiona gari jekundu la zimamoto hutuingiza ndani sote. Bara waliwaita wazimamoto, Nairobi na Kampala habari zilikuwa hizo hizo: unaitwa kwa jambo dogo, unaingizwa shimoni, unatolewa damu, hurudi. Wazungu waliandika kuwa ni ushirikina. Na zimamoto hawakuwa wakinyonya mtu damu, hilo najua.

Lakini mtu hapati ndoto bila ya mto. Mwaka 1906, Robert Koch, mtu mwenye tuzo ya Nobel ya mwaka uliotangulia, alipiga kambi visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, kutibu malale kwa dawa inaitwa atoxyl, ndani yake mna arseniki. Aliongeza dozi. Wapo waliopofuka, hawakuona tena. Koch hakuwa na maabara ya chini ya nyumba wala msaidizi mlemavu. Alikuwa na bendera na hema, na wagonjwa walikuja wenyewe kwa maelfu kwa sababu walikuwa wakifa.

Na huko huko kwao vilevile. Mwaka 1951, hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwanamke mweusi Henrietta Lacks alikatwa kipande cha uvimbe wake wa saratani, hakuulizwa. Yeye akafa Oktoba ile. Seli zake hazikufa, ziko hai mpaka leo katika maabara za dunia nzima, na watu wake walikaa zaidi ya miaka 20 bila kujua. Mnataka kichwa kilichokataa kufa? Na mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya sinema kutoka, mji ule ule wa New York, hospitali moja ya wagonjwa wa muda mrefu Brooklyn, wagonjwa 22 walidungwa seli hai za saratani pasi na kuambiwa ni nini. Waliofanya hivyo hawakuwa wendawazimu. Walikuwa na ofisi, makatibu na fedha za utafiti.

Ndiyo sababu hizi sinema za daktari mwendawazimu mimi zinaniudhi kidogo. Zinatufundisha kumtambua kwa nywele zilizosimama.

Injinia wa Mabati

Cortner nywele zake zimechanwa vizuri kabisa mkuu, suti na tai. Hilo la mwisho halimhusu.

Na samahani, maneno kama haya ndiyo yanayofanya watu wakimbie chanjo. Umetaja Koch, sasa taja na ndui, imetoweka duniani kwa watu hao hao wenye ofisi na makatibu.

Mtu wa Likoni

Ndui nimechanjwa, alama ninayo mkononi. Na nilimpeleka mwanangu chanjo zote. Bibi yangu angeambiwa sindano ni ya nini asingetuficha uvunguni. Hakuambiwa. Kwa hiyo aliyeleta mumiani ni nani, bibi yangu au yule aliyeona hana haja ya kumweleza?

Ustadh wa Jioni

Assalaam alaykum. Nataka niseme kidogo kwa upande wetu, maana mnasema "haki ya kufa" kama kwamba roho ni simu ya mkononi, ukichoka unazima. Roho si ya Jan wala si ya Cortner. Mtu kuomba kufa kwa sababu ya dhiki, Mtume (s.a.w.) ametukataza.

Lakini hapo hapo watu wanakosea upande wa pili. Wanavyuoni wengi hawakusema kujitibu ni faradhi kwa kila hali. Iko hadithi sahihi ya mwanamke mweusi aliyekuwa akishikwa na kifafa akafunuka nguo. Akaja kwa Mtume akaomba aombewe. Akaambiwa: ukitaka subiri nawe una Pepo, na ukitaka nitakuombea upone. Yaani alipewa hiari, na aliyempa ni Mtume. Akachagua kusubiri. Kisha akaomba jambo moja tu, aombewe asifunuke anapoanguka, na akaombewa hilo.

Kwa hiyo kumuua Jan siruhusu. Kumwacha, kutomuongezea mashine juu ya mashine na miili juu ya miili, hilo ni jambo jingine kabisa, na hapa namuunga mkono Mzee. Na dada wa Forodhani, yule mwanamke aliomba asifunuke. Nimelikumbuka hilo nilipokusoma.

Binti Forodhani

Wa alaykum salaam. Ahsante Ustadh. Sikuwa nimeifikiria hivyo.

Kibanda Umiza

Wakuu, nimeitafuta nimeipata bure, maana kule Marekani haina mwenyewe, hakimiliki iliwaponyoka. Nipo dakika ya arobaini. Mbona Kurt hamjamtaja? Mkono wake mmoja umekauka, alijaribiwa na Cortner akaharibiwa, na bado anamfanyia kazi. Huyu ndiye anayenisumbua. Jan hana miguu ya kuondokea. Kurt anayo.

Mwanasheria Mchovu

Anasubiri atengenezwe mkono. Cortner amemwahidi. Ukishaingia kwenye deni la matumaini hutoki kirahisi, nimewaona wateja wangu.

Injinia wa Mabati

Haya, niseme na mimi nilipofika. Mwaka 1970, Cleveland, Robert White aliunga kichwa cha tumbili kwenye mwili wa tumbili mwingine. Nililitaka jambo hili liwe ushindi upande wangu, nimelisoma tena sasa hivi. Tumbili alizinduka, akafuata watu kwa macho, akajaribu kumng'ata mtu kidole. Kuanzia shingoni kwenda chini hakuweza kusogeza kitu. Akaishi siku chache. White alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli, anakwenda misa, na aliona amefanya jambo la heri. Siwezi kusema hakujifunza kitu. Njia alizotumia za kupoza ubongo wakati wa upasuaji zimesaidia watu.

Lakini ile ya kung'ata…

Binti Forodhani

Hakuwa na maneno, akatumia meno. Kama Eddie mwishoni.

Mzee wa Projekta

Nilianza uzi huu nikiwa na jibu, na nalirekebisha. Nilisema kosa ni kusikia na kuendelea. Sista amenionyesha kuwa kuendelea kidogo kunaweza kuwa huruma, ukiwa kweli unasubiri akili ya mgonjwa irudi. Mwanasheria amenionyesha kuwa Cortner hakuwa mtu wa kuamua chochote, alitakiwa atoke chumbani. Kwa Doris sina la kujitetea, nimemwona mara sita akiwa amelala nikafikiri ni kifaa cha hadithi.

Ila Sista, bado nina deni kwako. Ulisema unaokoa halafu unauliza. Unauliza lini? Siku ya tatu? Ya kumi? Na ukiuliza mgonjwa hana sauti, kama alivyosema Kibanda Umiza?

Sista wa Wodi

Mzee wangu, nilikuwa zamu, samahani nimechelewa.

Nitakujibu kwa jambo lililonipata, hospitali siitaji. Tulikuwa na mzee, umri kama wako labda, mrija wa mashine mdomoni siku ya tisa. Amezinduka, anaona, lakini hawezi kusema, mrija umepita katikati ya sauti. Anachezesha midomo. Sisi tunamwambia "pole babu, tulia". Mikono tulikuwa tumemfunga kwa bandeji kitandani ili asiuchomoe. Ni jambo la kawaida, tunafanya wote, na nilipoisoma ile habari ya plasta humu nilizima simu kwanza.

Usiku mmoja nikamfungua mkono nikampa kalamu. Akaandika M. Kalamu ikadondoka. Nikasema maji, anataka maji, nikamlowesha midomo kwa pamba. Akatikisa kichwa. Akaandika M tena. Mwenzangu akasema mke. Mke alishafariki. Ilikuwa herufi ya kwanza ya jina la bintiye, ambaye kaka yake hakuwa amempigia simu kwa sababu wana kesi ya shamba.

Binti alikuja saa nane usiku, kwa bajaji, bado amevaa kanga ya kulalia. Nikamfundisha: muulize maswali ya ndiyo na hapana, akifumba macho mara moja ni ndiyo. Akamuuliza kama anaumwa. Ndiyo. Akamuuliza kama anamjua yeye ni nani. Ndiyo, na machozi. Akamuuliza kama anataka mashine iendelee. Hakufumba. Akamuuliza tena, kwa kinyume safari hii, unataka itolewe? Akafumba mara moja, akayaacha yamefumba muda mrefu mpaka nikaangalia mashine.

Nikamwita daktari wa zamu. Akasema mtoto wa kiume ndiye aliyesaini, tusubiri asubuhi aje wakae pamoja. Hakusema vibaya, ndiyo utaratibu. Binti akaniuliza kama mikono nitamfunga tena.

Nikamwambia ukikaa hapa umeishika, sifungi. Akakaa. Saa moja na nusu zamu yangu ikaisha.